Pikipiki inakohoa ikipanda Marangu: je, injini ifunguliwe?

SWALI: Mimi ni mwalimu, ninaishi Kiboriloni, Moshi. Nina pikipiki ya cc 125 yenye injini ya aina ya CG, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Si ya biashara. Naitumia kwendea kazini, na siku za mapumziko napenda kuzunguka nayo milimani na kuihudumia mwenyewe pale ninapoweza. Mjini inakwenda vizuri. Lakini nikishapita Himo na kuanza kupanda kuelekea Marangu, inapungua nguvu, inakohoa na kutoa moshi mweusi, na kuanzia Marangu Mtoni kwenda getini nalazimika kubaki gia ya pili. Petroli inaisha haraka. Wakati wa kuteremka, breki ya nyuma inafika mahali inakuwa kama haipo. Fundi mmoja amesema ringi zimekwisha na injini ifunguliwe. Mwingine anataka kuweka jeti ndogo (kipande chenye tundu la kupitishia petroli) kwenye kabureta. Nimsikilize nani?

JIBU: Mwalimu, kwa dalili ulizozitaja, ningekushauri usimruhusu yeyote kati yao kuanza kazi kwa sasa. Wa kwanza anataka kuanza na kazi ambayo ingepaswa kuwa ya mwisho, na wa pili ameona tatizo lilipo lakini anataka kulitibu kwa njia itakayokuletea tatizo kubwa zaidi ukirudi mjini. Siwalaumu, kwa sababu fundi wa gereji huletewa pikipiki ikiwa imesimama mbele yake huku mteja akiwa na haraka, na hapati nafasi ya kuipanda hadi Marangu ili aone inavyosumbua. Wewe unayo nafasi hiyo, na karibu kazi yote nitakayoieleza hapa unaweza kuifanya nyumbani kwa spana za kawaida, spana ya plagi na fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi.

Nianze na ringi, yaani pete zinazoizunguka pistoni. Ringi zilizokwisha huruhusu oili kupanda juu ya pistoni na kuungua, na oili ikiungua hutoa moshi wenye rangi ya bluu au bluu inayoelekea kwenye weupe, si mweusi. Plagi yake ukiifungua huwa nyeusi yenye unyevu wa oili, na oili kwenye injini hupungua kati ya sevisi moja na nyingine. Zaidi ya hayo, ringi mbovu hazingesubiri ufike Himo. Zingekusumbua hata ukiwa unakwenda sokoni Mbuyuni, hasa asubuhi unapoiwasha. Moshi mweusi, harufu ya petroli, na plagi yenye masizi makavu ni dalili za jambo jingine: petroli inayoingia ni nyingi kuliko hewa inayopatikana ya kuiunguza. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, fungua plagi leo uitazame. Ikiwa na masizi makavu yanayofutika kwa kidole, endelea na utaratibu huu. Ikiwa imelowa oili, ruka moja kwa moja hadi mwisho wa jibu hili.

Sasa tuuhesabu mlima wenyewe, maana una sehemu yake katika lawama hii, ingawa ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mji wa Moshi uko kati ya mita 700 na 950 hivi juu ya usawa wa bahari, na geti la Marangu liko karibu mita 1,900. Unapopanda kama mita 1,000 namna hiyo, uzito wa hewa unaoingia katika kila mvuto wa pistoni hupungua kwa takriban asilimia 10, na nguvu ya injini hupungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Injini ya CG yenye afya nzuri hutoa nguvu za farasi kama 11. Ukifika getini, moja kati ya hizo imebaki bondeni, na hakuna fundi atakayeirudisha. Petroli ili iungue vizuri huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, haina kifaa cha kupima uzito wa hewa, hivyo mlimani hutoa petroli nyingi kidogo kuliko inavyotakiwa, kiasi cha asilimia 5 zaidi kwa tofauti hii ya urefu. Injini nzima huimudu asilimia 5 hiyo bila kukohoa.

Ushahidi wa hilo hauko mbali. Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi, yaani nusu ya mpando wako, na pikipiki za aina yako zinazunguka huko mchana kutwa zikiwa na jeti zilezile zilizotoka nazo kiwandani, bila kutoa moshi mweusi. Kama mlima peke yake ungekuwa ndio ugonjwa, Arusha nzima ingekuwa inakohoa. Ninachokiona kwako ni pikipiki ambayo tayari ilikuwa inapata petroli ya ziada tangu mjini, ikavumilia kwa sababu barabara ni tambarare, na mlima ukaongeza sehemu yake ndogo juu ya kasoro iliyokuwepo. Kazi yetu ni kuitafuta kasoro hiyo.

Mshukiwa wa kwanza ni filta ya hewa, ambayo wengi huiita eya klina. Kati ya Juni na Oktoba vumbi la upande huu, hasa kwenye barabara za udongo zinazoelekea mashamba ya miwa ya TPC na zile za ndani ya vijiji, ni jepesi kama unga na huingia kila mahali. Filta ikijaa, injini huvuta kwa nguvu zaidi, na mvuto huo huishia kunyonya petroli zaidi kupitia jeti. Ni jiko la kuni lililoshindiliwa kuni mdomoni, halikosi chakula, linakosa hewa. Fungua kifuniko cha pembeni uitoe. Ikiwa ni ya sponji, ioshe kwa mafuta ya taa au maji ya uvuguvugu yenye sabuni, uikamue kwa kuibana katikati ya viganja bila kuisokota, uianike kivulini hadi ikauke kabisa, kisha uilainishe kwa oili kidogo ya injini na uikamue tena hadi isidondoke. Sponji isiyo na oili hupitisha vumbi laini, na sponji inayochuruzika oili huziba hewa, kwa hiyo makosa yote mawili yanaumiza. Usiioshe kwa petroli, kwa kuwa huyeyusha gundi inayoshikilia sponji, na hatari ya moto sina haja ya kuieleza. Ikiwa filta ni ya karatasi, haioshwi. Igonge taratibu kutoa vumbi, na ikiwa imebadilika rangi hadi ndani, nunua nyingine.

Hapa nina neno la kusema kwa msisitizo. Kuna desturi iliyoenea ya kuondoa filta kabisa, au kuitoboa matundu, ili pikipiki "ipumue". Ni kweli kwamba siku hiyo itaonekana nyepesi. Lakini vumbi la mlima huu ni la asili ya volkano, lina chembe ngumu, na likiingia kwenye silinda linasaga ringi na ukuta wa silinda kila pistoni inapopanda na kushuka. Baada ya msimu mmoja wa kiangazi, maneno ya fundi wako wa kwanza yatakuwa yametimia. Kwa kuwa uliinunua pikipiki hii kwa mtu, hakikisha pia kwamba bomba la mpira linalounganisha boksi la filta na kabureta halijapasuka na klipu zake zimebana.

Filta ikiwa safi, nenda kwenye kabureta, lakini usianze na jeti. Tazama kwanza kama mkono wa choki unarudi hadi mwisho. Pikipiki nyingi zilizotumika hubaki na choki iliyofungwa robo au nusu kwa sababu chemchemi imechoka au mkono umejaa matope, na mwenyewe hajui. Kisha chunguza kama petroli inadondoka kwenye kijipaipu cha chini ya kabureta pikipiki ikiwa imeegeshwa. Ikidondoka, vali ya boya imechakaa au imeingiwa na uchafu, na kiwango cha petroli ndani ya bakuli kiko juu kupita kiasi.

Baada ya hapo ndipo ufungue bakuli na kuitoa jeti kuu. Sababu yangu si kuiweka ndogo, bali kuona kama imeharibiwa. Jeti ni shaba laini yenye tundu lililopimwa kwa sehemu ndogo sana za milimita, na namba yake imegongwa kwenye kichwa. Mafundi wengi huisafisha kwa kuichokonoa na waya wa klachi au sindano, na kila anayefanya hivyo hulipanua tundu kidogo. Jeti iliyochokonolewa mara kadhaa hutoa petroli ya jeti kubwa huku namba yake ikiwa ileile, na hapo ndipo ninapoelekeza shaka yangu kubwa baada ya filta. Nunua jeti mpya yenye namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, na ukihitaji kuisafisha siku nyingine, tumia dawa ya kusafishia kabureta au upepo wa kompresa, kamwe usitumie waya. Angalia pia klipu ya sindano ya kabureta. Mtu aliyetaka pikipiki iamke haraka zaidi huenda aliishusha klipu kwenye mfuo wa chini, jambo linaloinua sindano na kuongeza petroli katika mwendo wa kati. Irudishe mfuo wa katikati, ambao kwa kabureta nyingi za aina hii ndio wa kuanzia.

Kuhusu jeti ndogo aliyoipendekeza fundi wa pili, itakusaidia kweli ukiwa juu ya Marangu Mtoni. Lakini safari zako nyingi ni za chini, na huko jeti hiyo itainyima injini petroli. Injini inayonyimwa petroli huchemka. Na kwa kuwa yako hupozwa kwa hewa tu, haina rejeta ya kuiokoa. Plagi itakuwa nyeupe, valvu ya kutolea moshi itaungua pole pole, na ukiiendesha siku moja hadi Same au Tanga kwenye joto ukiwa na abiria, unaweza kutoboa pistoni. Anayeishi Marangu juu na kushuka mjini mara chache anaweza kuwa na sababu ya kubadilisha jeti, lakini wewe huna.

Jambo la tatu ni tapeti, yaani skrubu za kurekebisha nafasi iliyo juu ya valvu, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa kuwa ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Injini ya CG, ambayo Honda waliianza mwaka 1976, husukuma valvu zake kwa vijiti viwili vya chuma badala ya mnyororo wa ndani, na muundo huo ndio uliofanya ivumilie matunzo hafifu na kunakiliwa na viwanda vingi vya China. Uvumilivu huo umewafanya watu waamini kwamba haihitaji kuguswa. Nafasi kati ya roka, yaani mkono unaoisukuma valvu, na ncha ya valvu inatakiwa kuwa milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa, yaani asubuhi kabla hujaiwasha. Fungua plagi ili injini izunguke kirahisi, fungua kifuniko cha juu ya silinda na kile cha upande wa sumaku, kisha uzungushe hadi alama ya T ilingane na alama ya kwenye bodi. Shika roka zote mbili: zikichezacheza kidogo, uko mahali sahihi, moja ikiwa imebana, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Pitisha fila geji ya 0.08, inatakiwa ipite kwa kukwama kidogo tu. Ukishakaza nati, pima tena, kwa sababu kukaza huisogeza skrubu.

Wateja wengi wanapenda injini isiyo na mlio, na mafundi huwaridhisha kwa kukaza tapeti hadi kimya. Valvu ambayo haina nafasi haifungi vizuri injini ikipata moto. Mgandamizo huvuja, nguvu hupungua hasa kwenye mlima mrefu ambapo joto limepanda, na kingo za valvu huanza kuungua. Dalili hizo zinafanana sana na za ringi mbovu, na injini nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu hiyo. Tapeti zinazosikika kwa mbali ni salama kuliko tapeti zilizonyamaza.

Usisahau oili. Petroli ya ziada isiyoungua hushuka pembeni mwa pistoni na kuchanganyika nayo. Chomoa kijiti cha kupimia ukinuse; kikinuka petroli, badilisha oili yote mara tu utakapomaliza kurekebisha kabureta, si kabla. Chagua oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi yako imelowa ndani ya oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Unapopima, pikipiki isimame wima, na kijiti kiingizwe bila kukazwa.

Baada ya injini, pima kinachoizuia kutembea. Isimamishe kwa stendi kubwa, weka frii, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Likisimama haraka au likisugua, breki imebana au mnyororo umekazwa kupita kiasi. Mnyororo unatakiwa kucheza sentimita 2 hadi 3 katikati ya upande wa chini, na upime sehemu kadhaa, maana mnyororo uliochakaa haulegei sawasawa. Kisha hesabu meno ya spoketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba mnyororo, na uyalinganishe na kitabu. Wauzaji wengi huweka spoketi kubwa mbele ili pikipiki ikimbie kwenye lami, na jino moja mbele ni sawa na karibu matatu nyuma. Ukikuta jino la ziada mbele, umepata sehemu ya jibu la gia yako ya pili. Hata kama spoketi ni za asili, kwa mtu anayependa milima kama wewe ningependekeza kupunguza jino moja la mbele, kwa mfano kutoka 15 hadi 14: mvuto huongezeka kwa asilimia 7 hivi, na unachopoteza ni mwendo wa juu ambao barabara zetu hazikuruhusu kuutumia kwa usalama.

Sasa kuhusu kuteremka, na hapa nakusihi zaidi kuliko popote pale, kwa sababu injini ikikusumbua unapanda utasimama tu pembeni, lakini breki ikikukosa unateremka hutapata nafasi ya pili. Breki ya dramu hubadilisha mwendo kuwa joto ndani ya chungu kilichofungwa. Ukiikanyaga mfululizo kutoka getini hadi Marangu Mtoni, dramu hupata moto na kutanuka, breki shuu hupoteza mshiko, na mguu unabaki ukikanyaga bila matokeo. Kukaza nati ya breki hakutatui hilo. Dawa ni kuiacha injini ifanye kazi: teremka kwa gia ileile ambayo ungeipandia, achia mkono wa mafuta, na utumie breki kwa vipindi, ukikanyaga kwa uthabiti hadi mwendo upungue kisha kuachia kabisa ili dramu ipoe. Usiteremke kwa frii wala kwa kuzima injini ili kuokoa petroli, kama wengi wanavyofanya. Unachookoa ni kidogo mno, na unapoteza breki yako iliyo bora kuliko zote.

Breki ya mbele usiiogope. Unapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele, zaidi sana kwenye mteremko, na gurudumu la mbele ndilo linaloweza kubeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Ibane polepole na kwa kuongeza, pikipiki ikiwa wima, kabla ya kona na si ndani ya kona. Kwenye udongo mwekundu uliolowa punguza nguvu ya mkono, na ukumbuke kwamba pande za kusini za mlima hupata mvua nyingi, hivyo unaweza kuondoka Kiboriloni kukiwa kukavu na kukuta utelezi juu. Ukiwa nyumbani, chungulia mshale wa kiashirio kwenye mkono wa breki, kama upo: ukiikanyaga na mshale ukafika kwenye alama ya mwisho, breki shuu zimekwisha, hata kama nati bado ina nafasi ya kukazwa. Ukifungua dramu, futa vumbi kwa kitambaa kibichi, usilipulize, kwa sababu si vumbi la kuvuta. Paka grisi kidogo sana kwenye mhimili unaotanua breki shuu ili zirudi vizuri. Zisiporudi, ndizo zinazokushika wakati wa kupanda na kuchemka kabla hata hujaanza kuteremka.

Ukimaliza yote hayo, weka plagi mpya au iliyosafishwa na kupimwa nafasi yake, kati ya milimita 0.6 na 0.7, uende Marangu siku isiyo na mvua. Juu ya Marangu Mtoni, ukiwa umefungua mafuta kwa wingi, bana klachi na uzime injini kwa wakati mmoja, egesha pembeni, usubiri plagi ipoe kidogo, uifungue. Rangi ya kahawia hafifu ina maana kazi imekamilika, na gia ya tatu inapaswa kukufikisha mbali zaidi kuliko zamani, ingawa palipo na mwinuko mkali bado utaitumia ya pili, kwa kuwa ile nguvu moja ya farasi haijarudi. Masizi kidogo yakibaki wakati huku mjini plagi ni kahawia, basi hiyo ndiyo sehemu ya mlima, na unaweza kuiacha ilivyo.

Lakini ukikuta plagi imelowa oili, au kijiti kinaonyesha oili inapungua kati ya sevisi na sevisi, au kiki inashuka kirahisi bila kusukuma mguu wako ilhali tapeti umezipima na ziko sawa, basi mwambie fundi apime mgandamizo wa silinda kwa geji. Kisha amimine kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kikipanda waziwazi, ringi ndizo zinazovujisha, na injini ifunguliwe. Kisipopanda, kinachovuja ni valvu, na kichwa cha silinda pekee ndicho kitakachoshuka.